Mtoto wa Wingu

Baba mkubwa wangu alinikataza nisimwite baba mkubwa. Alinikataza mbele ya watu, kwenye kilio cha mtoto wake, nami nimeinama na beseni, nawanawisha watu mikono kabla ya chakula. Nilikuwa nimesema tu, "Baba mukubwa, nawa." Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "We mama, niite muzee wa kanisa. Baba mukubwa ni neno ya fami." Mkeka mzima ulisikia. Nikamwagia maji mikononi, mengine yakaenda kwenye suruali yake, na sikuomba msamaha. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi.

Papa yangu wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, kilio kina utaratibu ambao kila mtu anaujua: fami, yaani ndugu wa damu, inakaa mbele, karibu na marehemu, majirani wanachota maji, wanasonga nsima, wanapasua kuni. Papa ni mdogo wa yule mzee, baba mmoja, mama mbalimbali. Ana zaidi ya miaka sabini, miguu yake inavimba, akienda bombani anapumzika njiani. Na siku hiyo walimpa shoka. Alipasua, akapanga, akaenda kukaa na majirani. Nilipomwambia turudi nyumbani alijibu, "Acha kwanza tuzike mutoto ya ndugu yangu."

Nieleze mambo ya wazee hawa wawili, usije ukapotea njiani. Majina siyaandiki. Kwetu, kwenye milima ya juu ya Bukavu, jina la mtu ni neno la kawaida lenye maana yake, kwa hiyo nitatumia ile maana, kwa Kiswahili, inatosha. Babu yangu, baba yao, aliitwa Mvua. Alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa alimzaa huyu mzee wa kanisa. Mke mdogo, yaani bibi yangu, alimzaa papa mwaka ambao mashamba yote yalikauka, wakamwita Njaa. Babu Mvua alikufa angali na nguvu, kwenye machimbo ya bati, na mke mdogo akamfunga mtoto mgongoni akarudi kwa wazazi wake. Baadaye aliteremka Bukavu mjini kuuza samaki. Papa alikulia mjini, akajifunza kushona, akanifundisha na mimi. Vita vikatutoa huko, kila mtu na njia yake, na ndugu hao wawili wakaja kukutana Malawi wakiwa wazee, kwenye foleni ya unga.

Papa alifurahi siku ile mpaka akapoteza zamu yake. Mwenzake hakufurahi. "We njo nani tena?" aliuliza, yaani we ndiye nani. Papa akasema, "Mi njo Njaa, wa mama mudogo." Yule akafikiri kidogo, akajibu, "Aa, ule mutoto mama yake alikimbia naye." Basi, ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi: salamu ya mlangoni kanisani, mkono wa haraka, macho pembeni. Papa alikuwa anamtetea. "Njo tabia yake. Hata baba yetu alikuwa vile, banasema." Alisema "banasema" kwa sababu yeye mwenyewe baba yake hamkumbuki. Yote anayoyajua juu yake aliyasikia kwa watu.

Baada ya kilio nilivumilia mpaka mikeka ikakunjwa, kisha nikamwendea mzee nyumbani kwake. Nilikwenda kugombana, kusema kweli. Nilimuuliza papa amekosa nini hata apewe shoka kwenye kilio cha mtoto wa ndugu yake. Hakupandisha sauti. Alifungua Biblia, akatoa karatasi iliyofunikwa na plastiki, akanipa.

Ilikuwa foto. Mkwe wake aliyebaki Bukavu alikwenda kwenye biro, ofisi ya chifu wa kwetu, kutafuta karatasi za shamba, akakuta humo vitabu vya kuhesabia watu vya zamani za Wabelgiji, vile ambavyo mchwa hawajavimaliza. Akapiga foto kurasa za kilima chetu, akazituma kwa simu. Mzee alikuwa amezichapisha kwenye karatasi hapa kambini, sokoni, na kuzitia plastiki kabisa, zisiharibike. Ulikuwa mwandiko mzuri wa komi, karani wa wakati ule, herufi zimelala upande mmoja. Juu pameandikwa yeye mzee wa kanisa, mtoto mchanga, baba yake Mvua. Chini, kwenye hesabu ya miaka ya baadaye, nikamkuta bibi yangu, na pembeni yake mtoto mume mmoja, Njaa. Na mahali pa baba, kwa lugha yetu, kwa herufi zilezile nzuri: Wingu.

"Wingu ni nani?" aliniuliza.

"Mi sijue."

"Hata mi sijue. Ku kilima yetu hakukuwa muntu wa jina ile. Baba yangu alikuwa mbali ku kazi, mama ya papa yako akapata mutoto kwenye alipata. Sina ubaya na yeye. Lakini asiniite ndugu."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika, mzee ni mzee. Nilitoka pale nikimsema peke yangu njia nzima, watu wananipisha.

Nyumbani nikagundua kwamba papa alikuwa ameshaonyeshwa karatasi hiyo. Aliitwa peke yake kabla ya kilio, akaisoma, akarudi akakaa kwenye cherehani yake, akamaliza sare za shule alizokuwa anashona. Hakuniambia chochote. Nilimkasirikia. Aliniacha niseme mpaka nikachoka, ndipo akauliza, huku anatafuta tundu la sindano, "Mi nikikufa, nani atasimama?"

Alikuwa anazungumzia desturi ya kanisani kwetu. Mtu akifa, kabla jeneza halijabebwa, mtu wa fami anasimama kusema historia yake: alizaliwa kilima fulani, mwana wa fulani na fulani. Asiyekuwa na wa kumsimamia anasomewa na katibu wa kanisa, haraka, kutoka kwenye kikaratasi. Papa amewaona wengi waliosomewa hivyo.

"Nitasimama mi," nikasema.

"We ni mutoto yangu. Utasema aje baba yangu ni nani, nawe hukumuona? Inaomba ndugu aseme." Uzi ukaingia, akaanza kushona. "Nilikuwa naomba tu ile moja. Aseme mbele ya bantu, huyu ni ndugu yangu. Mara moja tu."

Basi ndiyo hiyo kazi iliyoniangukia. Mzee hatasema mpaka huyo Wingu ajulikane. Nikasema moyoni, kama yupo, nimtafute. Nikimkuta ni mwongo mmoja aliyepita njia, nijue. Kama hakuwahi kuwapo, nimrudishie yule mzee plastiki yake usoni.

Ajabu ya kambi hii, ukitaja jina lolote, atatokea mtu wa kulikumbuka. Nilikwenda kwa wazee wa kwetu mmoja mmoja. Mama mmoja alimkumbuka Wingu vizuri sana: mrefu, mweusi, mpiga ngoma. Wa pili akasema hapana, Wingu alikuwa mfupi na meno yake mabaya. Wa tatu akaniambia alikuwa katekista, tena alimbatiza yeye mwenyewe. Nikamwuliza, we mama si ulisema umezaliwa Goma? Akakasirika, akasema siku hizi vijana hatuna adabu. Mimi nina wajukuu, jamani.

Mwishowe fundi mwenzangu akaniambia kuna fami Lilongwe, mtaa wa Nsungwi, watu wa upande wa Uvira, ambao babu yao aliitwa hivyohivyo, kwani neno la wingu kwao na kwetu linasikika sawa. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikasema nakwenda kununua nyuzi na zipu. Nikapanda kabaza mpaka barabarani, baiskeli inalia kama imeonewa, kisha minibasi. Nilipitia Old Town kwanza, nikanunua kweli nyuzi na zipu kwa Muhindi wa jumla, ili uongo wangu uwe na mwili, halafu nikaenda Area 25, ndiko Nsungwi iliko.

Nsungwi naijua. Nilikuwa na duka langu la kushona pale, kabla serikali haijatuambia wakimbizi wote turudi kambini. Nilipita mbele yake. Mlango ni uleule, rangi ileile ya kijani niliyopaka mwenyewe, na ndani mtu anauza chipsi. Niliangalia mafuta yanavyoruka ukutani nilipokuwa natundika magauni ya maharusi. Yule dada alinisalimia vizuri, nikaitikia zikomo, asante ya huku, nikapita. Yeye hana kosa. Lakini roho iliniuma, na sitasema haikuniuma.

Ile fami ilinipokea vizuri kupita kiasi. Nilikuwa sijamaliza hata kueleza, mama mzee wa nyumba akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Oneni pua! Pua ya kwetu njo hii!" Watu wazima na watoto wakaja kuangalia pua yangu. Wakaniambia babu yao Wingu alikuwa anapanda milima ya kwetu kununua ng'ombe, anakaa huko miezi, na hakuna aliyejua analala kwa nani. Sasa wamejua, wakacheka. Kisha yule mama akasema, "Alikuwa anachechemea."

"Muguu gani?" nikauliza.

"Wa kushoto."

"Hata papa, wa kushoto njo unamusumbua zaidi," nikasema. Nilijisikia nikisema hivyo. Miguu yote miwili ya papa imevimba sawasawa.

Walinilisha sombe, yaani kisamvu, na samaki mpaka nikashindwa kuinama. Waliniita binti wetu. Walitaka waje Dzaleka wote, wakodi gari, wamwone mtoto wa babu yao, wamsalimie kwa goti. Nikasema subirini kwanza nimwandae, ana presha. Wakanifunga kitenge kipya kiunoni kwa mikono yao, wakanisindikiza mpaka kituoni wakiimba.

Kwenye minibasi nililia. Sikulia kwa furaha. Watu nisiowajua, wa lugha nyingine, wamemchukua papa yangu kwa muda wa kumaliza sahani moja ya sombe, na huyu ndugu aliyezaliwa naye baba mmoja amemtuma kupasua kuni. Nilimlaani mzee yule kituo kwa kituo. Jirani yangu kwenye kiti akadhani nimefiwa, akanipa pole kwa Kichewa, nikaipokea.

Papa alisikiliza habari yote bila kunikatiza. Nilipofika mwisho akauliza neno moja. "Alikuwa anachechemea?"

"Njo vile banasema."

Akautazama mguu wake wa kushoto. Tangu siku ile nikaanza kumwona, akitoka kwenda chooni, anauburuza kidogo. Nilitaka kupiga kelele. Mtu mzima na nywele nyeupe anajifunza kutembea upya, ili afanane na mnunuzi wa ng'ombe.

Halafu ikaja hesabu ya watu wa kambi. Tunahesabiwa kila mara, tumezoea. Unapanga foleni na nyumba yako yote, unafika kwenye meza, karani wa Malawi anauliza, mkalimani anageuza, wanaandika. Papa siku hiyo alishindwa kuinuka kitandani, na kaka yangu alikuwa amekwenda kulima kwa watu. Nikasimama mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Wifi alitufikia mwaka jana tu, ametoka milimani kwetu kabisa, si mjini. Ni mpole, mchapakazi, haongei sana. Mimi humtania kwamba maneno yake anayatunza kama chumvi.

Tulipofika mezani mimi nilikuwa nimezamisha kichwa kwenye mkoba natafuta kadi. Nikamsikia mkalimani anauliza, "Mukubwa wa nyumba anaitwa nani?" Na wifi akajibu kwa sauti ndogo, kwa lugha yetu, "Kiangazi."

Karani akaanza kuandika.

"Weee! Kiangazi ni nani?" Niliruka mpaka mkoba ukaanguka. "Wifi, umepata wazimu? Sema jina ya papa! Sema Njaa!" Wifi akainamisha kichwa. "Si unamuyua? Si njo unamupikia kila siku? Sema!" Karani alikuwa ameshika kalamu hewani. "Amai, dzina lawo ndani?" akaniuliza mimi, amechoka, jina lake hasa ni lipi. Nikasema Njaa, nikalitamka polepole, akakata lile la kwanza akaandika la pili. Nyuma yetu watu wanacheka. Wifi machozi yanamtoka.

Nilimvuta pembeni, bado nimewaka. "Unataka papa akose unga juu ya Kiangazi yako?"

"Wifi, unisamehe," akasema. "Ni jina ya mukwe wangu. Siwezi kulibeba mu kinywa."

"Sasa njo unamuzulia ingine?"

"Si kuzua. Kwetu ku kilima mwanamuke hataji jina ya baba mukwe, wala ya bwana. Unaweka neno ingine pahali yake. Jina ikiwa Njaa, unasema Kiangazi, juu kiangazi njo inaleta njaa. Hata njaa ya tumbo, mi siisemi kwa lugha yetu. Ya Kiswahili nasema, ile haiko jina ya muntu."

Sisi wa mjini desturi hiyo tuliisikia tu kama habari za zamani. Mama yangu alimwita papa "papa wa batoto", na hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niendelee kumgombeza, yakanijia maneno mengine. Nilisimama pale kwenye jua, mkoba mkononi.

"Wifi. Na kama mukwe wako angeitwa Mvua, ungesema nini?"

Alifikiri. "Inategemea nyumba. Mama mukwe njo anakufundisha neno ya nyumba yake, siku unaolewa. Bengine banasema Umande. Bengine Wingu. Mi hapa kwenu sikukuta mama mukwe, njo maana nikajitafutia."

Nilikaa chini kwenye vumbi na kitenge changu safi. Wifi akadhani ninaanguka, akanishika kwapani.

Nilimwona bibi yangu wazi, kama niliyekuwapo. Msichana, mke mdogo, mume yuko machimboni, ameitwa na mtoto wake mbele ya meza ya komi. Komi ametoka mbali, hajui desturi za kilima, anataka jina tu. Baba ya mutoto ni nani? Na yeye, kwa adabu yote aliyofundishwa, akiinamisha kichwa kama wifi alivyokiinamisha, akamjibu neno la nyumba: Wingu. Komi akaandika. Hakukuwa na mtu wa kuruka na kusema weee. Yule mke mkubwa, mtoto wake aliandikwa mwaka mume yupo, na mwanamume jina lake mwenyewe analitaja tu. Bibi yangu alimheshimu mumewe mpaka akamfanya mtoto wake mwana wa haramu. Hakujua mpaka anakufa. Huko mjini alizungumza Kiswahili na wateja wake wa samaki, na mvua ya Kiswahili aliisema bila shida, kwa hiyo hata papa hakuwahi kusikia neno lile. Nilitamani nimshike mabega nimtingishe, na nilitamani nimpigie magoti.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee, nikaita kutoka njiani, "Baba mukubwa! Baba mukubwa!" Majirani wakatoka. Nikaingia, nikamweleza yote, wifi, mkwe, Kiangazi, neno la kila nyumba. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, lakini alielewa. Nilijua ameelewa kwa sababu hakuuliza swali hata moja. Alivua miwani, akaifuta kwenye shati.

"Mama yangu," akasema, "mvua ikianza, alikuwa anatuita kwa lugha yetu: batoto, muingize maharagi, wingu inaanguka."

"Wingu?"

"Wingu. Mama yangu na mama mudogo, bote. Baliolewa mu nyumba moja."

Ilinichukua muda kuelewa kile alichokuwa ananiambia. "Kumbe ulikuwa unayua."

"Niliyua siku ileile foto iliingia mu simu."

"Na ukaitia plastiki."

Alirudisha miwani machoni. "Baba alikuwa anarudi toka machimbo na muzigo kichwani," akasema, "anapita mulango yetu, anaenda kuutua kwa mama mudogo. Siye tulikuwa tunasikia harufu ya nyama. Mi nilikuwa namusimamia ku njia, aniite. Hakuniita. Papa yako hamukumbuki, lakini alibebwa na ule muntu, mi nimeona na macho yangu. Sasa karatasi ilikuya yenyewe, sikuiandika mi. Nikasema, na yeye akose kitu moja."

Mzee wa karibu miaka themanini, mzee wa kanisa, anagawa meza ya Bwana kila mwezi, na bado amesimama njiani anasubiri kuitwa. Ningemhurumia kama asingekuwa ameniumizia papa. Nikamwambia Jumapili aje kwetu, aseme mwenyewe, mbele ya watu. Akasema atakuja.

Nilimwambia papa kila kitu, na sikuficha kwamba ndugu yake alijua. Alirudia, "Aliyua." Kisha akamwomba wifi ampigie pasi koti lake la kijivu, alilolishona mwenyewe akiwa kijana. Nikafikiri ni furaha. Usiku nikapika mandazi ya Jumapili huku naimba.

Mzee alikuja baada ya ibada, pamoja na wazee wengine wawili wa kanisa. Majirani walijaa mlangoni, nilikuwa nimewaita mwenyewe mmoja mmoja. Papa alikuwa kwenye kiti, koti lake na tai. Mzee alisimama katikati ya chumba, akakohoa, akasema kwa sauti ya mimbarini, "Nimekuya kusema mbele ya Mungu na bantu. Karatasi ilikosea. Huyu ni ndugu yangu. Ni mutoto wa Mvua, kama mi."

Mtu mmoja mlangoni akapiga vigelegele. Ndilo neno lenyewe, lote, mbele ya watu.

Papa hakuinuka. "Mama yangu balimuita ku meza," akasema, "bakamuuliza huyu ni mutoto wa nani. Akajibu nini?"

"Ndugu yangu, unayua sasa ile neno maana yake..."

"Akajibu nini?"

Mzee akatuangalia sisi, akamwangalia papa. "Wingu," akasema.

"Basi mi siwezi kugeuza neno ya kinywa ya mama yangu. Alinitaja kwa heshima yake yote, ninabaki pale aliniweka. Mi ni mutoto wa Wingu. Ule Mvua ulitaka akuwe baba yako peke yako, ukae naye." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya siku zote, ile anayoulizia mkasi. "Papa!" nikasema, lakini hakunigeukia. Alimgeukia wifi, aliyekuwa amesimama na trei.

"Mama," akamwambia, "mutilie mugeni chai."

Mzee alipewa kiti kizuri. Chai alikunywa yote, akala na andazi moja, kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia.